Hudi inanguruma lakini moshi hautoki: kabla hujalaumu feni, panda uangalie bomba

Nianze na nyumba moja ya Kyaliwajjala, nje kidogo ya Kampala, Uganda. Mama mwenye nyumba ananipigia simu ati hudi yake ya jikoni, lile sanduku la kuvuta moshi juu ya jiko, imekufa, na hiyo ni ya pili, ya kwanza fundi alimwambia mota ni dhaifu akanunua nyingine kubwa zaidi, na bado akikaanga ngege Jumapili, nguo za kabatini zinanuka samaki mpaka Jumatano. Nafika, nawasha, mota inanguruma vizuri kabisa, hata karatasi inashika kwenye filta. Nikaomba ngazi, nikapanda juu ya silingi na tochi. Bomba linatoka kwenye hudi, linapanda kama nusu mita hivi, halafu basi, limeishia hapo. Mdomo uko wazi chini ya mabati, mbao za paa kuzunguka pale zimekuwa kahawia na zinanata, ukigusa kidole kinabaki na mafuta, na waya wa taa umepita hapo hapo karibu. Miaka 3 hiyo hudi ilikuwa inapaka mbao za paa mafuta ya kupikia, chini ya mabati ambayo kila mchana yanawaka kama kikaango.

Mimi kazi yangu ni mabati, nakunja na kufunga mabomba ya hewa, na nyumba nyingi ninazoitwa hadithi ni hiyo hiyo: feni inalaumiwa, feni inabadilishwa, na shida haiko kwenye feni. Feni inasukuma tu. Hewa inatokea wapi na mpya inaingilia wapi, hiyo ni kazi ya bomba na dirisha. Kwa hiyo hapa chini nafuata dalili moja moja, unachokiona au kunusa, halafu sababu zake, kuanzia ile ninayoikuta mara nyingi.

Jaribu hivi kwanza, haina gharama

Chukua karatasi laini ya tishu, utenganishe ubaki na safu moja. Washa hudi spidi ya juu, dirisha la jikoni likiwa wazi kidogo, uiweke tishu kwenye filta. Ikishika na kubaki imeganda hapo, feni inavuta. Ikianguka, au inacheza cheza tu, endelea.

Zima hudi, chomoa kwenye soketi (siyo kuzima swichi peke yake), ulegeze bomba pale linapoungana na shingo ya hudi, ulivute pembeni. Rudisha umeme, washa tena, weka tishu. Kama sasa inavutwa kwa nguvu mpaka inanyooka, mota yako nzima kabisa na mwenye kosa ni bomba, usitumie hata shilingi kununua hudi nyingine. Kama bado ni dhaifu hata bila bomba, basi tafuta kwenye filta, flapu, au mota yenyewe na kapasita yake, au umeme. Jioni umeme ukishuka mpaka taa zinafifia, feni nayo inazunguka kivivu, jaribu tena saa ambayo taa zinawaka sawasawa kabla hujahukumu.

Hilo jaribio linachukua dakika 10. Sijui kwa nini mafundi wengi hawalifanyi. Labda kwa sababu ukilifanya huuzi hudi.

Inanguruma, moshi unabaki jikoni

Hii ndiyo ninayoitiwa kuliko zote. Anza na filta. Ishike mbele ya taa, kama huoni mwanga ukipita kwenye vitundu, hewa nayo haipiti. Ziloweke kwenye maji ya moto na sabuni ya vyombo nusu saa, usugue kwa brashi laini, zikauke kabisa kabla hujarudisha. Soda kali ya kuzibulia masinki usitumie, filta nyingi ni za aluminiamu na soda inaila. Mwenye kukaanga kila siku asafishe kila wiki 2, wengine kila mwezi.

Ya pili inachekesha lakini nimeikuta zaidi ya mara moja: ile flapu ndogo ya juu, yale mabawa mawili ya kuzuia upepo usirudi, kiwandani huwa inafungwa kwa kipande cha teipu isivunjike njiani. Fundi akafunga hudi bila kuitoa. Feni inasukuma mlango uliofungwa. Toa teipu, umemaliza.

Ya tatu, hudi haijaunganishwa na bomba lolote. Kuna hudi za kuzungusha hewa humo humo ndani, inapita kwenye filta ya makaa halafu inarudishwa kwako usoni. Hiyo inapunguza mafuta na harufu kidogo, lakini joto na mvuke havitoki, na makaa yale yakishachoka baada ya miezi michache ni kazi bure mpaka ubadilishe. Hudi nyingi zinafanya yote mawili, kuna kishikio au kifuniko ndani cha kugeuza hewa iende juu. Angalia kimegeuzwa wapi. Nimeona bomba zuri limefungwa mpaka nje, na kishikio bado kiko kwenye kuzungusha.

Sasa tuje kwenye bomba lenyewe, hapa nitakaa kidogo.

Shingo ya hudi nyingi ni milimita 150, yaani inchi 6. Ukienda dukani kutafuta bomba la inchi 6 la mabati unaweza kuzunguka asubuhi nzima, lakini bomba la inchi 4 la PVC, lile la choo, lipo kila hadwea. Basi fundi anaweka kipunguzi, anashuka kutoka 6 mpaka 4, anachomeka bomba la choo, anakuambia mzee hewa ni hewa, itapita tu. Haipiti. Bomba la inchi 6 lina nafasi mara 2 na robo ya lile la 4. Chukua hudi iliyoandikwa mita za ujazo 600 kwa saa: kwenye bomba la milimita 150 hewa inakimbia kama mita 9 na nusu kwa sekunde, lakini ukiilazimisha ipite milimita 100 inabidi ikimbie mita 21 kwa sekunde, na ukinzani unapanda zaidi ya mara 5. Feni ya nyumbani haina nguvu hiyo, kwa hiyo inapiga kelele zaidi na kupitisha hewa kidogo, na wewe unasema mota ni dhaifu.

Halafu hiyo PVC yenyewe. Ikifika nyuzi 80 hivi inaanza kulegea, na ikishika moto inatoa moshi wenye asidi, mkali kwa mapafu. Juu ya jiko la kukaangia hilo siyo bomba, ni mtego. Nenda Katwe, Kampala, pale mafundi wa mabati watakukunjia bomba la inchi 6 kwa bati tambarare lililopakwa zinki, geji 26 au basi 28, na kona zake, wewe uende tu na vipimo vyako vimeandikwa. Usikubali bati la geji 30 eti ni bei nafuu, linabonyea ukilishika.

Lile bomba la kukunjakunja la foili, linalovutika kama kinanda cha kubana, ndilo fundi mvivu analipenda kwa sababu halihitaji kupima. Ndani lina mikunjo, kila mkunjo unashika mafuta na kupunguza hewa, na likipita juu ya silingi bila kuvutwa vizuri linalala kama nyoka aliyeshiba. Kama ni lazima, tumia kipande kifupi tu cha kuunganishia, chini ya mita 1, kimevutwa mpaka kimenyooka, na kamwe kisipite ndani ya ukuta ambako huwezi kukiona.

Kona. Kila kona ya digrii 90 ihesabu kama umeongeza mita 3 hivi za bomba. Mwenye mita 2 za bomba na kona 4 anajidanganya kwamba bomba lake ni fupi. Kona 2 zikifuatana bila nafasi ndiyo mbaya zaidi, hewa inatoka ya kwanza inayumba na kabla haijanyooka inakutana na ya pili. Acha angalau nusu mita iliyonyooka katikati. Ukiweza tumia kona za digrii 45.

Mwisho wa bomba nao utazame, toka nje uangalie juu. Ndege wanajenga pale, nyigu wanaziba kwa udongo, na hata rangi, nyumba ilipopakwa, inagandisha flapu ya nje. Na kuna wavu wa mbu! Watu wanaweka wavu wa mbu kwenye mdomo wa bomba la jikoni, najua tunaogopa malaria, lakini vile vitundu vidogo vinashika mafuta na miezi michache tu umeziba kabisa kama umepigwa lipu. Weka wavu wenye matundu ya sentimita 1 hivi, unatosha kwa ndege, na mbu azuiwe na flapu.

Ukishamaliza yote hayo na bado, fungua dirisha. Kama hudi inapata nguvu ghafla ukifungua dirisha, basi haikuwa na hewa ya kuingia. Nyumba zetu za zamani zina zile ventileta za matundu juu ya madirisha, hewa inaingia yenyewe, lakini hizi apatimenti mpya za alumini na vioo zimebana kama chupa. Huwezi kutoa hewa kwenye chupa bila kuiingiza.

Moto wa gesi unalala, kichwa kinauma

Hii nimeiweka mapema kwa sababu inaua, siyo kama zile nyingine zinazokera tu.

Hudi yenye nguvu kwenye nyumba iliyobana inatafuta hewa popote. Itavuta chini ya mlango, itavuta kwenye bomba la hita ya gesi ya kuogea kama iko ndani, itavuta moshi wa jenereta uliyoweka kwenye korido ya nyuma umeme ulipokatika. Na kama kuna sigiri ya makaa umeiingiza ndani kwa sababu mvua inanyesha na maharage bado, moshi wake unabaki nanyi chumbani. Makaa yakishaiva hayatoi moshi wa kuonekana, na ndipo watu wanadanganyika, lakini yanatoa kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, unaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Kama watu 2 nyumbani wanaumwa kichwa pamoja na wakitoka nje wanapata nafuu, hiyo siyo malaria. Tokeni wote, fungua milango, sigiri itolewe nje, aliyelegea apelekwe hospitali na mseme wazi mlikuwa na makaa ndani.

Kujaribu ni rahisi: funga madirisha kama mnavyokaa kawaida, washa hudi spidi ya juu, angalia moto wa gesi. Ukiyumba upande mmoja au unanyanyuka kutoka kwenye jiko, hewa haitoshi. Na shika kijiti cha udi kinachofuka karibu na upenyo wa chini wa mlango wa jikoni, utaona moshi unakimbilia ndani. Dawa ni kuacha dirisha wazi kiasi kila hudi inapowaka, au kutoboa ventileta chini ukutani upande mwingine wa jikoni, mbali na hudi, hewa ipite jikoni kote.

Na mtu asikudanganye kwamba hudi inatoa gesi ikivuja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inashuka inatambaa sakafuni, hudi iko juu. Ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi ya hudi wala taa, ile cheche ndogo ya swichi inatosha. Funga valvu ya mtungi, fungua milango, toka.

Matone yanaanguka kwenye sufuria

Kwanza jua ni matone ya nini. Chukua tone kwenye vidole usugue. Likiteleza na kunata ni mafuta, likikauka ni maji, likiwa na rangi ya kutu ni mvua inayopita kwenye kofia.

Maji mara nyingi ni mvuke wa chakula chako mwenyewe. Unachemsha matoke au posho, mvuke unapanda, unakutana na bomba la bati lililolala juu ya silingi, na usiku wa mvua pale juu kuna baridi, mvuke unageuka maji unarudi. Ndiyo maana watu wanaita mafundi wa paa Aprili na Novemba na paa halina tundu hata moja. Dawa: bomba livalishwe sufi ya fibaglasi sehemu yote iliyo juu ya silingi, na lile lililolala liinamie upande wa nje, sentimita 1 au 2 kwa kila mita, maji yatoke nje yenyewe.

Mafuta yakitoka kwenye maungio, angalia mabomba yaliyosimama yameingiliana vipi. Nimesema hili kwa mafundi wenzangu mpaka nimechoka. Kwenye bomba lililosimama, mdomo wa kipande cha juu uingie NDANI ya kipande cha chini, hivyo mafuta yanayoteremka ukutani mwa bomba yanabaki ndani mpaka kwenye filta. Ukigeuza, yanateremka na kumwagika nje ya maungio, yanaloweka silingi, na siku moja unaona doa la kahawia juu ya jiko linalokua kama ramani. Halafu ungio lizibwe kwa silikoni ya kustahimili joto na teipu ya foili, ile ya alumini kabisa. Ile teipu ya kitambaa ya kijivu, joto linaikausha gundi, baada ya mwaka inaning'inia. Ungio moja nimelikuta limezibwa na kaveera, mfuko wa plastiki, kaveera tupu limezungushwa na kufungwa kwa uzi wa sisal, juu ya jiko.

Mvua: kama bomba limetoka kwa juu ya bati la paa, uwezekano mkubwa ni pale bati lilipotobolewa. Lami ya kupaka inapasuka kwa jua. Linahitaji bati la kukingia lililokunjwa, upande wa juu wake uingie chini ya bati la paa na wa chini ulale juu yake, kama magamba ya samaki. Mimi nikipata nafasi sipitishi paani kabisa, kwa mvua zetu hizi napitisha ukutani.

Harufu inatokea chumbani au kwa jirani

Chumbani: rudi juu kwenye hadithi ya Kyaliwajjala. Bomba liishie nje, siyo kwenye silingi, siyo chini ya upenu wenye matundu ya kurudishia moshi ndani ya paa. Siyo harufu tu, mafuta yanajikusanya kwenye mbao, na moto ukipanda bombani siku moja unakuta kuni ziko tayari zimepakwa mafuta. Panya nao wanapenda, na panya anatafuna waya.

Kwa jirani: kwenye apatimenti fundi anaunganisha bomba lako kwenye shimo la pamoja la hewa ya vyoo, basi rolex (chapati na mayai) unayokaanga asubuhi mnakula nyumba nzima kwa pua. Omba mwenye nyumba akuruhusu kutoboa ukuta wa nje. Na mdomo wa nje ukae angalau mita 1 kutoka dirisha lolote linalofunguliwa, lako au la mtu.

Flapu inagonga usiku, upepo unarudi

Entebbe na popote karibu na ziwa utaijua hii. Upepo unaingia kwa mdomo wa nje, flapu inagonga tak tak usiku kucha, na asubuhi jikoni kunanuka mafuta ya jana. Sababu: flapu imenata kwa mafuta haifungi, au bomba limetazama upepo unakotoka. Safisha, weka kofia inayotazama chini yenye flapu yake, hapo unakuwa na mbili, ya nje na ya kwenye hudi. Zikikaribiana sana zinagongana kwa hewa, kwa hiyo moja iwe chini kabisa na nyingine mwishoni.

Kelele nyingine: mluzi ni upenyo kwenye ungio au bomba jembamba, mtetemo ni bomba halijafungwa kwa klampu (weka moja kila mita 1 na nusu hivi), mkwaruzo ni feni inagusa ganda lake au beringi imekwisha, na hapo ndipo mota nayo inaweza kulaumiwa kihalali.

Inapiga shoti, au breka inaanguka

Usiguse tena. Chomoa. Hudi ni sanduku la chuma juu ya mvuke, na umeme wetu ni volti 240, waya wa ethi ukikosekana ukigusa kwa mkono uliolowa unaweza usisimulie. Hii siyo ya fundi mabati wala ya shemeji anayejua jua umeme, ita fundi wa umeme mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya umeme ya Uganda, aangalie ethi na aone kama skrubu ya bomba haikutoboa waya. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kutoboa. Skrubu ya inchi moja, mahali pa riveti, nikasikia pah, na nyumba ikawa giza. Tangu siku hiyo nazima meni, swichi kuu ya umeme, kwanza hata kama kazi ni ya dakika 2, na mwenye Yaka (mita ya umeme wa kulipia kabla) akilalamika kwamba friji imezimika, avumilie.

Ukifunga upya

Hudi iwe na upana sawa na jiko au zaidi. Kimo juu ya jiko la gesi soma kitabu chake, vingi vinasema kati ya sentimita 65 na 75, na ukishusha kwa sababu ukuta umekwisha, filta yenye mafuta inakaa karibu na moto. Ukipandisha mno moshi unapotea njiani.

Kabla hujatoboa ukuta pima kwenda juu. Nyumba nyingi zetu zina ule mkanda wa zege juu ya madirisha, ringi bimu, na bomba la hudi likipinda kuelekea nje mara nyingi linafika hapo hapo. Usikate ringi bimu hata kama fundi ana mashine, ndiyo inayofunga kuta zako na kubeba paa. Shusha kona ipite chini yake, au panda upite juu yake.

Ukuta wa matofali ya kuchoma unavunjika vunjika, ukipiga nyundo tu unapata shimo la kupitisha mbuzi. Chora duara la sentimita 17, toboa vitundu vidogo vidogo kwa drili kuzunguka mstari, halafu ndiyo patasi taratibu kutoka pande zote mbili, likiinamia nje kidogo. Kagua kwanza kama hakuna waya wala bomba la maji ndani, tazama soketi na mabomba yaliyo juu na chini ya hapo. Nafasi inayobaki zungushia saruji.

Maungio funga kwa riveti fupi, siyo skrubu ndefu, ncha ya skrubu ndani ya bomba inashika mafuta na nyuzi mpaka inaota ndevu. Vaa glavu, bati lililokatwa linachana kuliko kisu. Juu ya silingi kanyaga mbao, siyo ubao wa silingi, mwenzangu mmoja alishukia kwenye meza ya chakula. Bomba liache nafasi ya vidole vinne kutoka kwenye mbao. Acha ungio moja linalofunguka kirahisi, kwa ajili ya kusafisha mara moja kwa mwaka. Na mwenye kibanda cha chipsi asifunge hudi ya nyumbani, jiko la biashara linataka chuma cha milimita 1.5 hivi kilichochomelewa kila ungio na milango ya kusafishia, hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine.

Moto ukishika kwenye kikaango: zima gesi, zima hudi maana inavuta ndimi za moto kuingia bombani, funika kwa mfuniko au blanketi lililolowa na kukamuliwa, maji usimwage kwenye mafuta. Ukiwa umeingia bombani, toka na upige 999 au 112.

Ile nyumba ya Kyaliwajjala tulimaliza siku 2. Mbao tulisugua kwa maji ya moto na sabuni, waya ulihamishwa, bomba likapita ukutani chini ya ringi bimu, kona 1, mita 1 na nusu mpaka nje. Mama akakaanga ngege tukiwa bado tunakusanya vifaa, tishu ikaganda kwenye filta mpaka alipozima. Kisha akaleta ile hudi yake ya kwanza kutoka stoo, ile iliyosemwa mota ni dhaifu, akaniambia nijaribu. Nikaichomeka pale mezani. Ilivuta tishu ikaishikilia vile vile. Sasa anaitafutia mteja.